Udongo wa Mviringo

Inspekta Shamsia hashtuki. Maiti haimshtui, jambazi hamshtui, hata chai ya kantini ya polisi Kibondo haimshtui, na ile ndiyo ingepaswa kushtakiwa kwanza. Mimi Nestori, mkalimani wake wa Kiha, nakula kiapo.

Asubuhi hiyo tulioneshwa maiti ya Consolée, mjamzito wa miezi saba. Kiganjani alikuwa bado ameshika udongo wa kula, ule wanaoutamani wenye mimba.

"Figo zimemuua," daktari akasema. "Wodini ninao wengine wawili, wanakojoa damu. Nikijua walichokula, labda nitawawahi."

Inspekta akakigeuza kile kipande. Kilikuwa cha mviringo, laini kama mshumaa.

"Jembe halichongi hivi," akasema polepole. "Huu umetolewa na mtambo wa kuchoronga miamba."

Akakiweka chini haraka, akajifuta vidole kwenye sare. Kiapo changu kikafia hapo.

Saa nne Badru, meneja wa kampuni ya utafiti wa madini, alikuwa kituoni.

"Mnachoronga mkitafuta nini?"

"Urani, afande."

Inspekta akampigia daktari kwanza. Kisha: "Wanakijiji walijua?"

"Tuliwaambia ni udongo wa kawaida, salama. Vipimo vilisoma juu mno. Wangejua, wasingetia saini kutuachia mashamba."

"Ukawaambia unalika?"

"Hapana. Hilo sikulisema, wallahi."

Akaingizwa mama Ntirampeba, muuza udongo sokoni, mama mzazi wa Consolée. Vipande aliviokota nyuma ya ghala la kampuni, vilikotupwa. Alieleza kwa Kiha, kirefu, bila kuniondolea macho.

"Anasemaje?"

"Anasema meneja ndiye aliyewaambia unalika."

"Maneno yote yale, tafsiri hiyo tu?"

"Kiha kinapenda kuzunguka, afande."

Mama akajifuta uso kwa kitenge. Akamgeukia Inspekta, akaongea Kiswahili chake cha sokoni.

"Afande, Kiswahili nakisikia. Kwenye mkutano wa kijiji huyu bwana alisema ni salama, akaishia hapo. Aliyetutafsiria ni huyu huyu kijana wako. Akaongeza lake la kuchekesha: 'Ni salama, hata wajawazito wapeni wale.' Tulicheka. Tukajua ni neno la kampuni. Wengine niliwauzia. Mwanangu nilimpa bure."

Hakuna aliyenitazama isipokuwa Inspekta. Alichukua karatasi mpya ya maelezo, akainyoosha mezani.

"Jina kamili," akaniambia.