Kabari ya Mjomba

"Umeniibia Ijumaa yangu!"

"Sijakuibia. Mwalimu kanipa."

"Kakupa kwa sababu unajipendekeza!"

"Nijipendekeze saa ngapi? Jina langu lilipotajwa mimi nilikuwa chooni!"

"Basi rudi hukohuko chooni!"

"Nyie!" Sauti ya mama ilitoka jikoni ikawakata wote wawili. "Mnagombania nini asubuhi yote hii? Kiberiti, kikombe chako kiko mlangoni tangu jana. Hebu mtazame mwenzako. Chake amekiosha, amekifuta, amekirudisha mahali pake. Na huyo analala kwenye gari!"

Mama angejua, angenyamaza. Maneno hayo yalikuwa mafuta ya taa, na binti yake hakuitwa Kiberiti bure. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwepesi wa kazi, mwepesi wa kucheka, na ukimkwaruza kidogo tu anawaka.

Huyo "mwenzake" alikuwa binamu yake, binti wa mjomba. Walikuwa marika. Shuleni walimpa jina la Konokono siku ya kwanza tu, kwa sababu alitembea na nyumba yake. Baba yake alikuwa fundi wa pampu za maji. Wiki hii yuko shule hii, mwezi ujao yuko zahanati ile, baada ya hapo hata yeye hajui. Mkewe alipofariki, miaka mitatu nyuma, Mjomba aliona hakuna maana ya kulipia chumba anacholala siku nne kwa mwezi. Akang'oa viti vya nyuma vya gari lake kuukuu, akatandika godoro, akampakia mwanawe, wakaanza maisha ya barabarani.

Mwezi huu pampu iliyoharibika ilikuwa ya shule ya Kiberiti. Usiku gari lililala uani kwao, asubuhi likaenda shuleni. Mwalimu mkuu alimruhusu Konokono kukaa darasa la sita mpaka kazi iishe. Na tangu siku hiyo, darasa la sita lilikuwa na habari moja tu. Konokono analala wapi? Konokono anaoga vipi? Konokono, tutakuja kuona lini? Rafiki wa Kiberiti, aliyekuwa akimwekea nafasi kwenye dawati miaka yote, sasa alimwekea Konokono.

Kiberiti alivumilia yote. Lakini Ijumaa!

Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja alisimama mbele ya wenzake kuwafundisha jambo analolijua kwa mikono yake. Ijumaa hii ilikuwa zamu ya Kiberiti, kuonyesha namna ya kuziba pancha ya baiskeli. Wiki mbili alikuwa anafanya mazoezi na beseni na mpira mkuukuu, mpaka vidole vikanuka gundi. Halafu Mwalimu anasema, "Kiberiti, wewe upo siku zote. Mwenzako anaondoka Jumatatu. Mpishe kidogo, atatuonyesha mtu anavyoweza kuishi ndani ya gari."

Mpishe! Dawati ampishe, mama ampishe, sasa na Ijumaa ampishe. Mwisho si atampisha na kitanda?

Asubuhi hiyohiyo ya Ijumaa, baada ya ule ugomvi, walipanda gari kwenda shuleni. Kabla ya kuwasha injini, Mjomba alifanya kama afanyavyo kila siku. Aliita rejista. Si rejista ya watu, ni ya vitu. Yeye aliita kutoka kwenye usukani, na mwanawe nyuma alikigusa kila kitu kwa mkono ndipo akajibu. Kukiona hakukutosha, ilikuwa lazima kukigusa.

"Maji?"

"Yapo."

"Tochi?"

"Ipo."

Ikaendelea hivyo mpaka kitu cha kumi na tatu, ambacho kila mara kilikuwa cha mwisho: "Kabari?"

"Ipo."

Kabari ilikuwa kipande cha mti cha kuzuia tairi, kilichochongwa pembe tatu, kimepakwa rangi nyekundu. Kwa Kiberiti ilikuwa kuni tu. Hapo ndipo shetani wa wivu alipomnong'oneza. Ukitaka kumwaibisha mtu, usimwangushe mwanzoni. Mwache apande mpaka juu kabisa, ajibu "ipo, ipo, ipo" mbele ya darasa zima, halafu cha mwisho akikose.

Saa ya mapumziko Mjomba alikuwa bondeni, kwenye pampu. Gari lilikuwa limeegeshwa juu, kwenye mteremko nyuma ya madarasa. Kiberiti alitazama huku, akatazama kule, akainama. Kabari ilikuwa imesukumwa mbele ya tairi la nyuma. Aliipiga teke mara mbili, ikatoka. Gari halikutikisika hata kidogo. Akaitia kwenye mkoba wake, chini ya daftari la hesabu.

Kipindi cha mwisho darasa zima likalizunguka gari. Konokono alisimama kwenye mlango wa nyuma. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alipoanza kushika vitu vyake akachangamka.

"Kwanza mjue, ndani ya gari hakuna 'nitaweka popote'. Popote hakuna. Tochi yangu inaning'inia hapa, upande wa kulia wa kichwa. Hata nikiamka gizani mkono unaijua. Maji ni dumu la lita ishirini, linakaa chini na limefungwa kamba, maana baba akifunga breki ghafla, dumu lisilofungwa linakuja kukusalimia kisogoni."

Wakacheka.

"Na neti?" akauliza mmoja.

"Hii hapa. Tumeshona sumaku kwenye pindo, inajishika yenyewe kwenye mlango. Kioo tunakiacha wazi vidole viwili, neti inazuia mbu, hewa inaingia. Ukifunga vioo vyote, asubuhi godoro limeloa kwa pumzi zenu wenyewe. Na jiko haliwashwi ndani. Hata mvua inyeshe, hata njaa iume. Moshi wa jiko ndani ya gari unaua mtu kimya kimya, haumwamshi. Siku ya mvua tunakula mkate na ndizi, tunalala."

"Na chooni?" Huyo alikuwa Tumbo, aliyejipenyeza zamani akakaa kwenye usukani, anajifanya dereva.

"Tunaegesha karibu na choo cha watu, tunaomba ruhusa kwanza. Usiegeshe mahali ambapo hujaomba. Na kuna ndoo yenye mfuniko kwa dharura. Umelikalia begi lake hapo."

Tumbo aliruka kidogo, darasa likafa kwa kicheko. Hata Mwalimu alijifuta macho. Nyuma kabisa Kiberiti alisimama ameukumbatia mkoba wake, meno yameshikana. Cheka, akajisemea. Chekeni tu.

"Kabla ya kuondoka tunaita rejista," Konokono akasema. "Leo nitaita na kugusa mwenyewe. Maji, yapo. Tochi, ipo. Neti, ipo." Wenzake wakaanza kuitikia naye kwa sauti moja kama wimbo: "Ipo! Zipo! Lipo!" Watatu walikuwa wamepanda ndani kuona vizuri. "Sanduku la dawa, lipo. Kamba, ipo. Na ya mwisho, kabari..."

Aliinama, akapeleka mkono mbele ya tairi. Mkono ukashika vumbi.

Kiberiti alisubiri aibu imjae usoni. Haikuwa aibu. Konokono aliinuka, midomo imekauka.

"Shukeni," alisema. Halafu akapiga kelele: "Shukeni! Shukeni wote! Breki ya mkono haishiki!"

Wa nyuma wakaruka. Tumbo naye akakurupuka, na katika kukurupuka goti lake likagonga fimbo ya gia. Gia ndiyo pekee iliyokuwa imelishikilia gari. Alipotua chini, gari likaguna kama mtu anayeamka, likaanza kuteremka. Polepole, kisha si polepole tena.

Na bondeni, mgongo ameugeuza, kichwa kikiwa ndani ya shimo la pampu, alikuwepo Mjomba.

"Babaaa!"

Darasa zima lilipiga ukelele. Mjomba alitoa kichwa, akaona nyumba yake inamjia mbio. Aliruka pembeni. Gari likavaa rundo la mabomba, mabomba yakalia, taa ya mbele ikapasuka, likasimama hatua tatu kutoka kwenye shimo.

Hakuna aliyeumia. Lakini Kiberiti alihisi ile kuni mkobani ina uzito wa jiwe la kusagia.

Mjomba alipanda mteremko, anahema.

"Kabari huweka nani?"

"Mimi, baba."

"Uliiweka?"

"Niliiweka."

"Sasa iko wapi? Imeota miguu?"

Konokono alitazama chini. "Labda... labda nilisahau, baba."

Mjomba alijipangusa mikono muda mrefu, hata baada ya kutakata. "Watoto wa watu walikuwemo humo ndani," alisema. "Na wewe mwenyewe ulikuwepo hapohapo. Mimi mama yako amekwisha kuondoka, sitaweza kuzika tena. Jumatatu nitaondoka peke yangu. Wewe utabaki kwa shangazi yako. Barabara haimtaki anayesahau."

Jioni mama alikuwa tayari ametandika mkeka kando ya kitanda cha Kiberiti. "Nitampokea kwa mikono miwili," alisema. Kiberiti, nikuambie ukweli, kitu cha kwanza alichowaza hakikuwa kizuri. Aliwaza: mwezi mmoja umenishinda, sasa maisha yote?

Konokono alikuwa anakunja nguo zake. Zote zilienea kwenye mfuko mmoja.

"Najua hunitaki hapa," alisema bila kugeuka.

"Nani kasema?"

"Macho yako. Na mimi nilikuwa nakuonea wivu wewe."

Kiberiti alicheka kwa pua. "Wewe? Kwa lipi?"

"Kikombe chako. Unakiacha mlangoni, unalala, kesho kipo. Mimi nikiacha kitu, nikigeuka tuko mji mwingine. Unagombana na mama yako asubuhi, jioni bado yupo, mnagombana tena." Alikunja gauni la mwisho. "Mimi nimebaki na baba tu. Na nimemsahaulia kabari."

Hapo Kiberiti alishindwa. Angetukanwa, angejibu. Angepigwa, angerudisha. Lakini mtu anayejilaumu kwa kosa lako, utamjibu nini?

Alichukua mkoba, akatoka uani. Mjomba alikuwa amechuchumaa mbele ya gari, ananyoosha bati. Kiberiti hakusalimia. Alitoa kabari nyekundu, akaiweka chini mbele yake.

Mjomba aliitazama, akamtazama yeye. "Umeiokota wapi?"

"Sikuiokota. Niliitoa mimi. Yeye hakusahau."

"Kwa nini?"

"Nilitaka acheke... nilitaka achekwe. Mwalimu kampa Ijumaa yangu. Mama kila siku mtazame mwenzako, mtazame mwenzako. Sikujua kama gari litaenda, Mjomba. Nilidhani ni kuni tu." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Mama alikuwa mlangoni, na Konokono nyuma yake. Walikuwa wamesikia. Mama alisema taratibu, "Na mimi nilikuwa napuliza moto huo. Sikutaka kuona."

Mjomba alikaa chini kabisa, kwenye vumbi.

"Mpwa wangu, unaijua pampu iliyotoboka bomba? Unapiga mkono juu chini, juu chini, inalia kwa kelele kuliko nzima, lakini haitoi tone. Inavuta hewa. Wivu ndio huo. Umefanya kazi mwezi mzima, umechoka, umelia, umepata nini? Mwenzako hajapungua, na wewe hujaongezeka. Na mimi leo ningekuwa ndani ya shimo." Aliichukua ile kabari, akaifuta vumbi. "Lakini umekuja kwa miguu yako, hukuitwa. Hilo nimeliona. Kosa likisemwa mapema hutengenezeka, kama pampu. Likifichwa, hukausha kisima."

Akamgeukia mwanawe. "Nimekuhukumu kabla sijauliza vizuri. Nisamehe, mama. Jumatatu tunaondoka wote."

Konokono aliingia ndani, akatoka na mfuko wake wa nguo, akaurudisha garini mahali pake.

Kiberiti hakuponea hapo. Jumamosi na Jumapili Mjomba alimpa shoka dogo na randa, akamchongesha kabari mpya mbili, moja kwa kila tairi la nyuma. Ya kwanza ilipinda, akaitupa mwenyewe akaanza upya. Mjomba naye alikaza breki ya mkono, akakiri kwamba ilikuwa kazi ya tangu mwaka jana. Na Jumatatu Kiberiti alipata Ijumaa yake, siku tatu baadaye: alisimama mbele ya darasa bila beseni wala gundi, akaeleza alichofanya, chote, mpaka ile sehemu ya teke. Hakuna aliyecheka. Tumbo tu ndiye aliyesema, "Kumbe si goti langu peke yake," akaonekana amepumua.

Saa ya mapumziko pampu ilikuwa inatoa maji na gari lilikuwa tayari limeelekezwa langoni. Mjomba alikaa kwenye usukani.

"Maji?"

"Yapo."

"Tochi?"

"Ipo."

Kiberiti alisikiliza yote, akihesabu kwa vidole.

"Kabari?"

Konokono alichungulia nje, akamtazama Kiberiti. Kiberiti aliinama, akazitoa zote mbili chini ya matairi, akamkabidhi mkononi.

"Zipo," alisema.

Konokono alizipima uzito. "Hii imepinda kidogo."

"Umepinda wewe."

Wakatazamana, halafu wakacheka kidogo. Hawakukumbatiana. Bado.

Injini ikawaka. Kiberiti alisubiri mpaka gari lilipotoka langoni, akayapuliza malengelenge ya viganjani mwake, akageuka, akaenda zake darasani.