Sponji ya Nikeli

Kila asubuhi, kabla ya sala, wasichana wa darasa la saba katika shule moja ya Karaikudi, kusini mwa India, hukaguliwa sketi. Ya Kayal haikuwahi kuwa na kunyanzi, maana baba yake ni mpiga pasi wa mtaani. Kwa hilo tu, wenzake hawakumpa nafasi ya kupumua.

"Pasi, sogea, unatuunguza," Nachammai alimwambia, na mstari mzima ukacheka.

Nachammai ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha sayansi. Mwalimu Vasuki alikuwa amewaombea kipande cha nikeli kwenye maabara ya mjini: chuma chepesi, kimejaa vitundu kama sponji. Walitakiwa kukipaka kichocheo, dawa ya kuharakisha kazi, wakitumbukize majini na kukiunga na umeme wa jua, ili maji yatoe haidrojeni, gesi inayowaka bila moshi. Mashindano ya wilaya yalikuwa yamekaribia.

Nachammai alikwenda nacho nyumbani kukitunza. Akakiona kimejikunja kama papadi iliyokaangwa. Waamuzi watatucheka, aliwaza. Akakilaza chini ya jiwe la kusagia la mama yake mpaka kikawa bapa, kinang'aa.

Shuleni Kayal, naye wa kikundi hicho, akakipaka kichocheo, akaunga nyaya. Viputo vikatoka viwili, vitatu, basi.

Mwalimu akakitazama kwa lenzi. "Vitundu vimebanwa. Kichocheo kitashika wapi? Nani amefanya hivi?"

"Hapa ni kina nani kazi yao kunyoosha?" Nachammai akajibu haraka.

Darasa likavunjika mbavu.

"Mwalimu, si mimi," Kayal alisema.

"Toka kwenye kikundi," Mwalimu akamkatiza.

Wakati wa chakula, Kayal alifungua mkebe wake akakuta mtu ametia makaa ya pasi juu ya wali. Hakulia. Aliyatoa moja moja, akala wali mweusi, macho chini. Wenzake walikuwa wakimhesabia matonge.

Nachammai akafunika mkebe wake. Akainuka, akaenda kwa Mwalimu, akasema yote.

Mwalimu Vasuki alimwomba Kayal radhi mbele ya darasa. Maabara ikawapa kipande kingine, kidogo. Kayal akakipaka mwenyewe, na safari hii maji yalijaa viputo.

"Nisamehe, Kayal," Nachammai alisema.

"Nimesikia," Kayal akajibu, bila kugeuka.

Nachammai akamtazama Mwalimu, machozi yakimlenga.

"Usinitazame mimi," Mwalimu alisema. "Kuharibu chuma ni kosa la kutojua, na maabara imetupa kingine. Lakini ulimtwika mwenzako kosa lako huku unajua. Jina la mtu halina kipande kingine, mwanangu. Ukweli useme mapema, kabla mwenzio hajala makaa."