Sauti Ndani ya Kofia

"Shangazi amezidiwa," sauti ilisema kwenye simu. "Mwahishe hospitali kabla ndege haijatua."

Simu ikakatwa.

Hosiana Meshack, mpelelezi wa serikali, alitoka posta ya Shinyanga, jua la mchana likimpiga usoni. Maana ya ujumbe ilikuwa moja: ingia leo, peke yako, utoke na kanda.

Ilikuwa 1997. Kule Geita, kampuni za kigeni zilikuwa zinatoboa ardhi usiku na mchana zikitafuta dhahabu, na ramani za miamba zilikuwa mali ya serikali. Kisha ramani zikaanza kuvuja. Onesmo, mjiolojia aliyezitunza, aliokotwa amekufa ndani ya shimo la wachimbaji lililoachwa, nje kidogo ya Kalangalala.

Kabla ya kufa alimwambia mkewe jambo moja tu.

"Nilisema kila kitu kwenye ile kofia."

Kofia ilikuwa mtaa wa Kambarage, hapo Shinyanga, ndani ya ghala la pamba la Mzee Rajnikant. Mzungu aliyejiita Daktari Brandt alilikodi akalifanya makumbusho: Nyumba ya Mwili, historia ya mapenzi, ndoa na uzazi wa binadamu tangu zama za kale. Wachungaji walilalamika wiki ya kwanza. Wiki ya pili wakapanga foleni.

Hosiana aliingia akiwa Sista Philomena, mkunga kutoka Ushirombo. Chini ya sketi ndefu, bastola ndogo ya Beretta ilifungwa kwenye shavu la mguu.

"Mkoba unabaki hapa, sista," alisema mlinzi mlangoni. Donatus, askari wa zamani, shingo nene. Alikuwa anatafuna karafuu.

"Sawa, kaka."

Alimwangalia kupita kiasi.

Chumba cha kwanza kilikuwa na sanamu za udongo za wanawake wenye matumbo makubwa. Cha pili kilikuwa cha harusi. Picha zilitembea kwenye kuta zote nne, na ngoma zikatoka kwenye spika za Bose mpaka sakafu ikatetemeka. Cha tatu kilikuwa cha magonjwa: wagonjwa wa kaswende wa karne zilizopita, na mwisho kitanda kitupu kisicho na maelezo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila mtu pale alikuwa amezika mtu.

Cha nne kilikuwa tumbo la uzazi. Giza jekundu, kuta laini, hewa ya joto, na moyo wa mama ukidunda kutoka kila upande.

Hosiana alitoka humo ameloa jasho.

Mlango wa mwisho uliandikwa: Chumba cha Siri.

Nyuma ya kioo, mbele ya kompyuta ya Silicon Graphics, alikaa Krupa, binti wa Mzee Rajnikant.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma safi cha mtu aliyezaliwa Shinyanga. "Kaa. Ukivaa kofia utaulizwa maswali. Ni ya utafiti tu."

Macho ya binti yalikuwa mekundu. Hosiana hakujua kama ni adui.

Akavaa.

Kofia ilifunika macho na masikio; dunia ikazimika. Hakuona chumba, hakusikia chumba. Mbele yake kulikuwa na bustani ya kuchorwa, majani yake vibokisi vibokisi, na alipogeuza kichwa bustani nayo ikageuka.

"Karibu," sauti ya kike ilisema masikioni, laini kama ya dada. "Hakuna anayekusikia. Yupo mtu uliyempenda ukamficha?"

Alikuwa na majibu ya kubuni, ameyakariri vizuri.

"Yupo," alijikuta akisema. "Ameoa."

Kwa nini amesema kweli? Hivyo ndivyo Onesmo alivyokwisha: siri yake ikarekodiwa, kisha akabanwa atoe ramani.

Ndipo akasikia harufu.

Karafuu.

Mtu alikuwa ameingia chumbani. Yuko wapi? Mbele? Nyuma?

Bustani ikafutika. Ardhi ikapasuka miguuni pake, likabaki shimo jeusi lenye ngazi ya miti, kama mashimo ya Geita. Alijua amekaa kwenye kiti. Akashika kingo zake kwa nguvu.

"Sista Philomena." Sasa ilikuwa sauti ya mwanamume, Kiswahili cha kizungu: Daktari Brandt, akiongea kutoka ofisi yake. "Au Hosiana Meshack? Posta ina kuta nyembamba. Donatus alikuwa hapo, akakusikia ukijitambulisha kwenye simu."

Angetaka kuvua kofia, ingebidi ainue mikono yote miwili, na Donatus alikuwa anangoja hilo tu.

Kisha, sikio la kushoto, mnong'ono. Kisukuma. Haraka.

Krupa.

Alikuwa anamwambia: yuko kulia kwako, ana nondo, ameinua. Inama!

Hosiana akainama.

Nondo ikavunja kiti. Aliporomoka sakafuni, shimo la picha likimzunguka, mkono ukitafuta bastola mguuni.

"Mbele yako," Krupa alinong'ona. "Chini. Sasa!"

Akafyatua risasi kwenye giza.

Yowe.

Alivua kofia. Donatus alikuwa chini ameshika paja, karafuu zimemwagika kutoka mdomoni. Nyuma ya kioo, Krupa alikuwa ameshikilia maikrofoni kwa mikono miwili.

"Daktari amekimbia na begi!" alipiga kelele. "Amepitia vyumba vya nyuma!"

"Funga mlango mkubwa! Zima taa zote!" Hosiana alimwamuru.

Ghala likawa giza.

Hosiana alimfuata Brandt mpaka kwenye tumbo la uzazi. Humo moyo ulikuwa bado unadunda, mkubwa, mzito, ukimeza kila sauti. Brandt alikuwa ndani na yeye alikuwa ndani, na hakuna aliyemwona mwenzake. Ukuta laini ulimgusa bega nusura apige kelele. Akaishika bastola kwa mikono yote miwili.

"Krupa," aliita. "Zima moyo."

Kwa kuita alikuwa amefichua alipo. Risasi ikapita jirani na sikio lake.

Moyo ukanyamaza.

Katika ukimya ule alimsikia. Pumzi fupi fupi za mtu mwenye hofu kuliko yeye. Aliruka, akampiga kwa kitako cha Beretta, akahisi mwili ukilegea.

Ndani ya begi la Samsonite mlikuwa na ramani za Geita zenye mhuri wa serikali. Ushahidi wa kutosha. Chini yake, kanda. Nyingi. Kila moja na jina la aliyevaa kofia.

Wakati polisi wanawapakia Brandt na Donatus kwenye Land Rover, redio ya Motorola ilikwaruza. Alikuwa Mzee Marselino, mkuu wake.

"Kanda unazo?"

"Ninazo, Mzee. Na ramani."

"Niletee zote. Kuna majina makubwa humo. Zitatufaa."

Hosiana alimtazama Krupa, aliyekaa kwenye marobota ya pamba.

"Nilisikia ya Onesmo ikirekodiwa," Krupa alisema. "Alikuwa ananisalimia kila mara. Wiki iliyofuata nikaambiwa amekufa." Akaelekeza kidole kwenye begi. "Na yangu imo humo, dada. Baba akiisikia..."

"Pipa la kuchomea taka liko wapi?"

Lilikuwa uani. Hosiana alimwaga kanda zote, akamwaga petroli. Kijiti cha kwanza cha kiberiti kilivunjika. Cha pili kikawaka.

"Hutasikiliza hata moja?"

"Hapana."

Plastiki ilijikunja, moshi mweusi ukapanda.

"Hosiana!" redio iliita. "Hizo kanda!"

"Zimeungua, Mzee."

"Zimeungua vipi?"

"Kwa moto, Mzee."

Akaizima.

Mlango wa uani ulifunguliwa. Maniben, mamake Krupa, alichungulia, ameziba pua kwa upindo wa sari.

"Krupa! Mnachoma nini?"

"Taka, mama. Taka tu za makumbusho."

Hosiana alivaa miwani yake ya jua, akaiwasha pikipiki yake ya Yamaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Maniben alisema, akimpisha apite.