Shingo ya Bibi

Nyinyi wenye mabinti, na nyinyi msiowahi hata kujipapasa shingo, sogeeni hapa. Haya yalitokea karibu na Ushirombo, mwaka wa 1987, nyumbani kwa Mzee Nkwabi na mkewe Esta.

Ilikuwa jioni ya kumenya karanga. Wanawake walikaa uani, maganda yakirundikana miguuni, na Limi, binti wa nyumba ile, alikuwa akianzisha nyimbo za kwaya ya kigango, wenzake wakiitikia. Esta aliipenda sauti ya mwanawe kuliko chochote alichokuwa nacho, na hakuona haya kusema hivyo mbele za watu. Katikati ya ubeti sauti ikakwaruza, ikakatika. Limi akakohoa, akajaribu tena, ikatoka hewa tupu. Wenzake wakacheka, wakasema ni vumbi la karanga. Esta hakucheka, maana haikuwa mara ya kwanza.

Limi alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni mnaoujua. Kwao halikuwa ugonjwa. Binti huyu alipewa jina la mama mzazi wa Nkwabi, ambaye aliishi na rovu lake mpaka kichwa kizima kikawa cheupe. Uvimbe ulipochomoza kwa mjukuu, ukoo ulishangilia kwamba bibi amerudi. Nkwabi akamvisha shanga za marehemu. Wageni wakija, wanamgusa shingo kwanza, "Shikamoo, bibi!" na Limi anaitikia marahaba, watu wanaangua kicheko. Mchezo mtamu kweli! Sasa nani angempeleka bibi hospitali?

"Baba Limi," Esta alisema usiku ule, "sauti ya mtoto inakwenda. Sista wa zahanati anasema tumpeleke Mwanza, kuna mashine inayotazama ndani ya shingo."

"Yaya!" Nkwabi alikataa kwa Kisukuma. "Mama yangu alikufa kwa uzee. Mnataka kumchinja leo?"

"Mama yako aliimba mpaka mwisho wake. Huyu haimbi."

Nkwabi hakukubali. Basi Esta akangoja. Akangoja pamba ivunwe, akangoja mvua zipite, akingoja moyo wa mumewe ulainike. Huo ndio muda unaonichoma mimi kila ninapoisimulia habari hii. Hata asubuhi moja Limi akapaliwa na uji, akahangaika kuvuta pumzi, na Esta akainuka pale pale akafunga mzigo.

"Ninampeleka," alimwambia mumewe. "Nikirudi, nifukuze ukitaka."

Wakapanda basi la Geita, wakavuka ziwa kwa kivuko, wakafika Mwanza. Kesho yake walipoitwa kwenye chumba cha ultrasaundi, Daktari Damian alimwomba Limi avue shanga. Kabla hajazigusa, sauti ikanguruma mlangoni.

"Asizivue!"

Alikuwa Nkwabi, amejaa vumbi la safari, amewafuata kwa basi lililofuata. Esta akasimama kati yake na kitanda. "Umekuja, vizuri. Lakini mtoto hatoki humu kabla hajapimwa."

"Shikamoo, mzee," daktari alisema kwa upole.

"Marahaba," Nkwabi akaitikia kabla hajakumbuka kwamba ana hasira.

"Shanga tutazisogeza tu. Njoo uone mwenyewe."

Daktari akampaka Limi dawa ya ute, baridi ikamfanya ashtuke, kisha akapitisha kifaa shingoni polepole. Kwenye kioo kikatokea kivuli kikubwa, cheusi, cha mviringo.

"Hili ndilo rovu mnalolisalimia," alisema. "Limejaa maji, kingo zake laini. Hili halinitishi."

Nkwabi akamtazama mkewe kwa ushindi. Daktari akakisogeza kifaa kidogo, akarudia pale pale.

"Na hiki?" Esta akauliza.

"Hiki kimejificha nyuma ya lile kubwa. Kidogo tu, kama karanga. Lakini ni kigumu, kingo zimechongoka, na ndani mna chembe nyeupe kama mchanga. Picha haitoshi kunihakikishia kwamba ni saratani. Inaniambia kwamba hatari ni kubwa, na inanionyesha pa kuchoma sindano tupate uhakika."

Nkwabi aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mama yangu hakuwa na huyu," alisema hatimaye. "Huyu simjui." Akanyoosha mikono, akafungua shanga shingoni mwa binti yake, akazitia mfukoni. "Mchome, daktari. Na akitakiwa kukatwa, akatwe."

Sindano ilithibitisha saratani. Limi akapasuliwa, na uvimbe wote ukatolewa. Alipona. Lakini kile kidogo kilikuwa kimekwisha kuula mshipa wa sauti, na sauti ile ya kuanzisha nyimbo haikurudi. Siku hizi anaongea kwa mnong'ono, na kwaya ina mwanzishaji mwingine.

Waliporudi, jirani mmoja alikuja kuwapa pole. Kwa mazoea akanyoosha mkono kwenye shingo yenye kovu. "Shikamoo, bibi!"

Nkwabi akaushika ule mkono. "Bibi tulimzika zamani," alisema. "Huyu ni mwanangu Limi. Muulize hali yake."

Funzo

Ndugu zangu, marovu mengi si saratani, kwa hiyo msitoke hapa mkiwatisha wenye marovu. Lakini ukubwa wa uvimbe pekee hausemi lolote. Kikubwa kilichochezewa na ukoo mzima kilikuwa maji. Kidogo, ambacho hakuna jicho lililoweza kukiona, ndicho kilichotaka kuua. Ukiona uvimbe shingoni, na hasa sauti ikibadilika au chakula kikikwama, nenda ukapimwe upesi. Jina la marehemu mpeni mtoto, ni heshima njema. Ugonjwa msimpe. Na wewe mama ambaye moyo wako umeshakuambia kuna jambo, usingoje pamba ivunwe. Esta alimwokoa mwanawe, lakini kila Jumapili kwaya ikianza, hutazama chini.