Jiwe Namba Tisa

Kila asubuhi mke wa fundi mwashi alisugua ngazi ya mlango wa jikoni. Lilikuwa jiwe zuri la mraba. Fundi mwenyewe hakulikanyaga. Alilivuka kama mtu anayevuka dimbwi.

"Miaka ishirini na mbili unaruka jiwe," mkewe alisema. "Siku moja utavunjika mguu, nikucheke."

Jiwe lile fundi aliling'oa kilimani ujanani, kwa uvivu wa kuchonga lingine. Ubavuni, upande uliofukiwa, lilikuwa na namba tisa. Lilikuwa jiwe la mpaka wa nchi mbili.

Baadaye nchi hizo ziligombea kilima. Kila moja ilisema ni chake. Askari wakaja, njia ikafungwa. Dada yake fundi alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Hawakuonana tena. Mwaka jana fundi alipata habari kwamba dada amefariki na amekwisha kuzikwa.

Siku moja wapima ardhi wawili walipita kuomba maji, mmoja wa kila nchi. Walibeba sanduku moja, huyu huku na huyu kule.

"Nyinyi mmepatana lini?" mke wa fundi aliuliza.

"Sisi hatukugombana, mama," mpima mzee alijibu. "Serikali zetu ndizo zilizogombana. Sasa zimetia saini. Bunduki basi. Tunapima pamoja, kwa ramani ya zamani na ushahidi wa wenyeji wa pande zote. Tukishindwa, tunakwenda mahakama ya kimataifa, na uamuzi wake tutaufuata."

"Na wenye mashamba huko juu?" fundi aliuliza.

"Hahamishwi mtu. Imeandikwa. Kinachotusumbua ni jiwe namba tisa. La nane tunalo, la kumi tunalo. La tisa halipo, na mpaka unapinda hapo."

Fundi alionyesha mlango wa jikoni. Kisha akasema, "Mmelikanyaga mlipoingia."

Mkewe aliweka kikombe chini. "Na hukusema?"

"Kwanza niliona haya. Baadaye niliogopa."

"Kwa hiyo wifi yangu nimemkosa kwa ajili ya ngazi ya jiko."

"Kung'oa jiwe la mpaka ni kosa," mpima alisema. "Lakini jiwe bila shimo lake halitusaidii. Shimo unalikumbuka?"

"Kila siku."

Walipanda naye kilimani. Wakachimba pale alipoonyesha, wakakuta zege la zamani la msingi wa jiwe. Wapima wote wawili wakatia saini karatasi moja.

Fundi alitozwa faini, akalipa. Kabla mwaka haujaisha, nchi zote mbili zilikubali mpaka na njia ikafunguliwa. Siku ya kwanza alibeba mwiko na saruji, akaenda kulijengea kaburi la dada yake. Shemeji yake alimpokea mlangoni.

"Umechelewa, shemeji."

"Nimechelewa."

Alijenga kutwa nzima. Kurudi nyumbani kulimchukua nusu saa tu, kama zamani.