Aya Aliyoiongeza Katibu

Siku waliyokutana, foleni ya steshenari ilikuwa imetoka nje ya mlango mpaka kwenye ngazi za benki ya jirani. Ilikuwa wiki ya mwisho ya kutuma maombi ya vyuo, na kila mtu alitaka kunakili cheti, kupiga picha ya pasipoti na kugombana na printa kwa wakati mmoja. Nyuma ya kaunta alisimama kijana mrefu, shati la mistari lililopigwa pasi likanyooka, kalamu sikioni. Watu walimwita Katibu, maana nusu ya barua za mtaa ule, za kuomba kazi, za kuomba radhi na za kuacha kazi, zilipita mikononi mwake.

Akaingia mwanamke mwenye gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, amekumbatia kasha la chupa za maji. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa na soli nene kuliko cha kulia. Alipofika zamu yake alilitua kasha juu ya kaunta, katikati ya karatasi za watu.

"Dada, hapa hatuuzi maji," Katibu alisema.

"Na mimi siyauzi. Haya yametoka bombani, na ukiyanywa leo, kesho hufungui duka."

Foleni ikacheka. Katibu naye akacheka, akalisogeza kasha kwa heshima zake zote.

"Kumbe nazungumza na daktari."

"Mpima maji tu. Udaktari uko mbali, nataka nianze na uzamili. Na nitauanza ukiacha maswali ukaniskania vyeti vyangu."

Akaviskani vyote, akayapa majina mafaili moja baada ya jingine, akamrudishia flashi pamoja na kipande cha karatasi chenye namba yake ya simu. Akasema hiyo ni huduma kwa wateja.

"Huduma kwa wateja yenye mwandiko mzuri hivi sijawahi kuiona," mpima maji akasema, akakitia kile kipande mfukoni.

Mapenzi yao yakaanza kwa simu za asubuhi. Katibu alipiga kabla hajafungua duka, mpima maji akapokea akiwa njiani kwenda maabara.

"Daktari wangu, umeamkaje?"

"Sijaamka. Unaongea na simu."

"Basi iambie simu nimeiota."

"Simu inasema ukaoge, umechelewa kazini."

Alikuwa na ulimi huyo dada, na Katibu aliupenda. Jioni mpima maji alipita dukani akitoka kazini, akakaa kwenye kiti cha wateja, wakafungua kompyuta pamoja kutafuta ufadhili. Mwenzangu, kama hujawahi kutafuta ufadhili wa masomo usiseme unajua uchovu. Alikuwa ameomba miaka mitatu mfululizo. Wa kwanza ulitaka alama za juu kuliko zake. Wa pili ulitaka mwajiri aahidi kuendelea kumlipa, na mwajiri akasema hapana bila hata kusoma barua. Wa tatu ulilipa ada peke yake, mwanafunzi ajijue atakula nini na atalala wapi.

Ndipo Katibu akauona ule mmoja. Ulilipa kila kitu, kuanzia ada na chumba mpaka tiketi ya ndege. Ulikuwa wa watu ambao ni wachache mno vyuoni: wanawake wa sayansi, watu wenye ulemavu, na waliotoka familia ambazo hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu.

"Wewe peke yako ni kundi zima," Katibu alimwambia. "Wakikuchukua wewe wamemaliza kazi ya mwaka."

Alicheka, kisha akasoma chini zaidi. Mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano. Yeye alikuwa nayo hiyohiyo kamili.

"Mwakani nitakuwa nimepita," alisema. "Ni huu au basi."

Kwenye fomu palikuwa na kisanduku cha ulemavu na nafasi ya kueleza. Akaviruka vyote viwili.

"Lakini mpenzi, wanauliza," Katibu alisema.

"Wanauliza, na wameandika si lazima. Mguu wangu haukufanya mtihani wowote. Vyeti ni vyangu mimi."

"Ungewagusa."

"Sitaki kumgusa mtu. Nataka kupima maji."

Katibu akaacha. Alijua sehemu ya habari ile, kwa sababu alasiri moja mvua iliwafungia dukani, na mpima maji akamsimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: homa ya utotoni iliyoudhoofisha mguu, na mama yake aliyembeba mgongoni kwenda shule mpaka akafikisha miaka tisa. Alisimulia kwa maneno machache akiangalia mvua. Katibu alimshika mkono, wala hakuuliza zaidi. Laiti angeuliza.

Siku ya mwisho ya kutuma maombi ilimkuta mpima maji kazini, safari ya ghafla, visima vya mbali vilivyoingiwa na maji machafu. Huko mtandao ulikuwa wa kuvizia. Akamtumia Katibu insha ya maombi na nywila yake, akampigia.

"Iweke tu ilivyo, bonyeza kutuma. Roho yangu iko mikononi mwako, usiiangushe."

"Siiangushi."

Katibu akaisoma. Ilikuwa insha safi, imepangika, kavu kama ripoti ya maabara. Kulikuwa na mabomba, vipimo, na mpango wa kusafisha maji ya vitongoji kwa mchanga na mwanga wa jua. Akajiuliza ni nani atakayeisoma hii na kumpenda mpenzi wake kama anavyompenda yeye. Miaka kumi amewaandikia watu barua, na barua zake hazirudi bure. Vidole vikamwasha. Akaandika aya moja, nzuri mno, ya mama masikini akipanda kilima na mtoto analia mgongoni kwa sababu ya mguu wake. Akatia alama kwenye kile kisanduku. Akatuma.

Mimi simtetei. Alikuwa na simu mkononi, na angepiga hata mara kumi mpaka ipatikane. Lakini alijua atakachojibiwa, ndiyo maana hakupiga. Akajiambia atamwambia akirudi. Aliporudi, amechomwa na jua na anacheka, akaona si siku nzuri. Kesho yake pia haikuwa nzuri. Zikapita wiki saba za namna hiyo.

Habari za kuitwa kwenye usaili zilikuja kwa barua pepe. Walibaki watu sita. Katibu akamnyanyua mpima maji juu palepale dukani mbele ya wateja, na mzee mmoja aliyekuja kupiga mhuri akasema watu wazima waone haya kidogo.

Usaili ungefanyika kwa njia ya video, na mtandao wa uhakika ulikuwa wa dukani. Asubuhi hiyo Katibu alifuta vumbi kwenye chumba cha nyuma, akaweka meza na kiti, akabandika kitambaa cheupe ukutani. Mpima maji alivaa suti ya bluu ya kuazima kwa binamu yake, na hereni ndogo.

"Nikoje?"

"Hata mimi ningekupa ufadhili."

"Wewe umeshanipa mengi. Toka nje, unanitetemesha."

Akatoka, akafunga mlango, akasimama upande wa pili wa ukuta wa mbao akijifanya anapanga rimu za karatasi. Kila neno lilipenya. Alimsikia akijibu maswali ya maji moja baada ya jingine bila kukwama, mpaka wasaili wakacheka kwa kufurahi. Kisha sauti ya mama mmoja, ya upole, ikasema kuwa wote waliguswa sana na ile aya aliyoandika kuhusu mama yake, na kwamba wangependa asimulie zaidi.

Kiti kikakwaruza sakafu.

"Samahani," mpima maji akasema. "Naomba unisomee hiyo aya."

Yule mama akaisoma yote mpaka mwisho. Katibu, rimu mikononi, alikuwa hawezi kuiweka chini wala kuishika.

"Hayo sikuyaandika mimi," mpima maji akasema.

"Si kweli, basi?"

"Mama yangu alinibeba. Mengine si kweli. Na hata kama yangekuwa kweli, sikuyaandika."

Wakamuuliza nani kaandika. Akasema ni mtu aliyempa nywila yake, na kosa la kumpa ni lake. Sauti ya upole ikamshukuru kwa ukweli wake, ikamweleza kwa masikitiko kwamba kila mwombaji ametia saini kuwa maneno yote ni yake mwenyewe, na kwamba hawana njia ya kulipita hilo. Ikamtakia kila la heri.

Mpima maji angeikubali tu ile aya, angepata ufadhili akaenda zake. Katibu aliliwaza hilo wakati mlango unafunguliwa, na aibu ikamshika kwa kuliwaza.

"Ulitaka nibaki?" mpima maji aliuliza. Hakupaza sauti. "Niambie tu. Ulifanya hivi ili nisiende?"

"Wallahi nilitaka upate. Niliona insha imepoa, nikasema niipe..."

"Uipe nini?"

Mpima maji akavua hereni, sijui kwa nini hereni, akazitia mfukoni mwa suti.

"Nilikuambia mambo yangu," alisema. "Sikukupa uyatumie."

Akatoka, akapita katikati ya wateja.

Katibu alipiga simu siku kumi na moja. Haikupokelewa. Siku ya kumi na mbili ilipokelewa na mama mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Yeye yupo kazini, simu kaisahau. Lakini na mimi nina swali. Eti uliandika kwamba alikuwa analia?"

"Nisamehe mama."

"Huyu hakuwa analia. Mimi sijui kusoma, unajua? Alipojifunza herufi akawa ananisomea mabango njiani. Duka la dawa. Usitupe taka hapa. Saluni. Yuko mgongoni anasoma, mimi nacheka. Nilikuwa namzungusha njia ndefu makusudi ili yawe mengi. Umemwandika mwanangu kama mzigo, baba. Mimi sikuwahi kubeba mzigo."

Katibu alifunga duka mchana ule. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaona wazi alichokifanya. Habari nzuri kuliko zote alizowahi kuandika ilikuwa karibu yake, alasiri ile ya mvua, na hakuuliza swali hata moja kwa sababu alidhani ameshaijua.

Alifanya kile alichokiweza. Akaanza kutafuta upya, na safari hii hakugusa neno la mtu. Aligundua kuna vyuo ambavyo idara yenyewe humchukua mwanafunzi kama msaidizi wa maabara, ikamfutia ada na kumpa posho, wala haiulizi umri. Kuna maprofesa wanaotaka uwaandikie kwanza kabla ya fomu. Kuna mifuko midogo ya wanawake wa sayansi inayolipa tiketi tu, na mingine inayosamehe ada ya maombi ukiomba kwa barua. Akamtumia mpima maji anwani kumi na moja kwa ujumbe mmoja, kila moja na tarehe yake ya mwisho. Chini hakuandika mpenzi, hakuandika samahani.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano.

"Asante kwa ile ya nne. Nimepata."

Alikuja dukani wiki moja kabla ya kuondoka, saa nne asubuhi, na lile gauni lake la kijani. Alitaka nakala za viza. Katibu alizitoa, akazibana vizuri. Alikuwa amepanga maneno mengi, mojawapo lilikuwa swali ambalo mwanamume humuuliza mwanamke mara moja maishani.

"Nitakungoja," ndilo lililotoka.

"Usiningoje."

"Bado una hasira na mimi."

"Hapana. Nilikusamehe zamani, mama ni shahidi. Nilitaka hata kukupigia." Akatazama zile nakala mkononi mwake. "Nilishika simu nikakosa la kukuambia. Kila nikifikiria jambo, nasema hili nalo atalipamba. Sijui tena namna ya kukusimulia kitu."

"Nitajifunza kusikiliza."

"Najua. Wewe ni mtu mzuri." Alisema hivyo kwa upole, na Katibu akatamani angemtukana. "Nakupenda bado, kama unataka kujua. Ndilo linaloniuma."

Akamshika shavu mbele ya wateja, muda mrefu kuliko adabu ya mtaa ilivyoruhusu, akaondoka.

Huko alikokwenda alifika salama, na hupiga simu Jumapili moja moja, kwa sababu ni muungwana. Humwambia baridi ni kali, maabara ni kubwa, wanafunzi anaowasaidia ni watundu. Katibu husikiliza kila neno. Siku hizi huuliza sana: ukafanyaje, nani alikuwepo, wewe ukajisikiaje. Naye hujibu kwa kifupi, kama anajaza fomu.

Jumapili iliyopita, katikati ya maongezi, mpima maji alicheka ghafla, kicheko chake kile cha zamani. Alikuwa anatembea barabarani, ameona kitu.

"Umeona nini?" Katibu aliuliza.

Katibu alisikia magari ya huko yakipita.

"Hamna kitu," alisema. "Niambie, dukani hawajambo?"