Mche Uliokufa Ukaendelea Kurefuka

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Chiriku alikuwa na kazi moja. Alichukua rula, akaisimamisha kando ya mche wake wa maharagwe uliokuwa kwenye kopo dirishani, akasoma namba na kuiandika kwenye daftari la sayansi. Mbele ya namba palikuwa na nafasi ya maelezo, na hapo aliandika maneno yale yale: Unaendelea vizuri. Mwalimu wa sayansi alikuwa amempa kila mwanafunzi mbegu moja na siku ishirini na moja za kupima, bila kuruka hata moja.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake, kwa sababu tangu ajue kusema hakujua kunyamaza. Alisimulia akila, alisimulia akioga, na wageni wakija aliwasimulia hata yasiyowahusu. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama, lakini mdomo wake ulitosha kuijaza nyumba nzima.

Siku ya kumi na moja mche ulifika sentimita kumi na nne. Kisha shuleni na mtaani ukaingia mtindo wa kuruka kamba. Chiriku akaanza kuchelewa kuamka kwa uchovu, akawa anatoka mbio na kipande cha mkate mdomoni, na dirisha akalisahau kabisa kwa siku tatu. Alipolikumbuka, udongo ulikuwa umepasuka kwa jua na mche umelala ukingoni mwa kopo, majani yamekunjamana. Alimwagia maji, akamwagia tena. Mche haukuinuka.

Sasa mwalimu angeambiwa nini? Chiriku alikuwa mzuri wa hesabu. Siku za karibuni mche ulikuwa ukiongeza sentimita moja kila siku, basi akazijaza zile siku tatu: kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Kopo akalificha uani nyuma ya pipa la maji, na kesho yake akaandika kumi na nane. Unaendelea vizuri.

Alidhani yameisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Kwenye kopo mche ulikuwa maiti, kwenye daftari ulikuwa hai, na kila asubuhi ilibidi yeye mwenyewe aurefushe. Akienda uani kuchota maji aligeuza uso. Darasani mtu akitamka neno urefu, alilifunika daftari lake. Mara moja alijikaza akachungulia nyuma ya pipa. Shina lilikuwa jeusi, tena aliona, au alidhani ameona, kwamba limesogea kidogo kuuelekea mlango. Hakuchungulia tena. Na ule mdomo wake ukafunga. Mama alimwuliza kama kuna aliyemuudhi, akajibu hakuna, akaendelea kula kimya.

Siku ya kumi na nane, ambayo ilikuwa Ijumaa, mwalimu alipitia madaftari. Alipofika la Chiriku alitabasamu. Alisema mche huu ndio mrefu kuliko yote, sentimita ishirini na moja, na mwenyewe hajaruka siku hata moja; Jumatatu aulete darasa zima liuone. Wenzake walimpigia makofi. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Baada ya masomo alikwenda kazini kwa mama, kama ilivyokuwa kawaida yake kila Ijumaa. Mama alikuwa meneja wa teknolojia kwenye ghala la dawa, jengo lenye vyumba vya baridi vinavyonguruma mchana kutwa. Zamani watu walipita vyumbani kusoma vipimajoto na kuandika. Siku hizi mashine ilisoma yenyewe kila dakika, na namba zikatokea kwenye kompyuta ya mama.

Siku hiyo mama alikuwa akitafuta mfanyakazi mmoja, na katika walioomba walikuwa wamebaki wawili: kijana aliyefunga tai na dada aliyebeba begi la kitambaa. Kila mmoja kwa zamu yake aliingizwa chumba cha pili, akapewa kikombe cha maji ya moto, kipimajoto na karatasi. Alitakiwa kupima mara kumi, kila baada ya dakika mbili, na kuandika.

Walipoondoka, mama aliziweka karatasi mbili mbele ya binti yake, labda kwa kumchokoza aseme chochote.

"Ungekuwa wewe ndiye meneja, ungemwajiri nani?"

Chiriku alisoma. Namba za kijana zilishuka vizuri kama mtu anayeteremka ngazi: sabini na nane, sabini na tano, sabini na mbili, hadi ya kumi. Dada alikuwa ameandika sabini na nane mara tatu. Chini yake aliandika: Kikombe kinapoa mkononi lakini namba haibadiliki. Nadhani kipimo kimekufa. Joto la maji silijui. Nafasi saba alikuwa ameziacha tupu.

"Huyu wa tai," Chiriku alisema. "Amemaliza kazi."

"Kile kipimo kilikufa mwaka jana," mama alisema. "Nimekitunza kwa ajili ya usaili. Hata ukikitia kwenye barafu kinasema sabini na nane."

Akaeleza kwamba kijana hakuwa mjinga hata kidogo. Alijua maji ya moto hupoa, na alipoona namba imegoma, akaandika jinsi yanavyopaswa kupoa. Ila hakupima.

Kwa sauti ndogo Chiriku aliuliza: kama mashine inaandika yenyewe, mtu anaajiriwa wa nini?

Mama aliziweka karatasi kando.

"Nilipoanza kazi, mahali pengine, tuliiagiza mashine kwamba ikikosa jibu kutoka chumbani irudie namba ya mwisho, ili karatasi isiwe na mapengo. Tuliona tumefanya la maana. Kifaa cha chumba kimoja kikafa. Mashine ikaendelea kuandika nyuzi nne za baridi, nne, nne, siku tisa. Na mle ndani palikuwa na joto kama hapa tulipokaa. Zilikuwa dawa za watoto, mwanangu, na nyingine zilishatoka kwenda hospitalini."

"Waliumwa?"

"Sijui. Sijui ni wangapi, wala sijui walipona vipi. Mpaka leo nikiiona nne kwenye kompyuta nainuka, naenda kufungua mlango, natia mkono ndani." Aliutazama mkono wake. "Mashine haichoki, na naipenda kwa hilo. Lakini haioni aibu. Mimi namtafuta mtu wa kusema sijui."

Chiriku alilia. Maneno yote aliyokuwa ameyameza yakatoka kwa mkupuo mmoja: kamba, dirisha, pipa, sentimita ishirini na moja. Mama hakumgombeza, na hilo likamuuma zaidi. Aliuliza tu kama kopo bado lipo.

"Basi hilo ndilo utakalopeleka Jumatatu. Nitakusindikiza mpaka getini. Ndani utaingia mwenyewe."

Jumatatu Chiriku aliliweka kopo juu ya meza ya mwalimu, akaeleza yote. Mwalimu alifungua daftari, akauliza mche ulikufa siku gani.

"Sijui," Chiriku alisema. "Sikuwa natazama."

Mwalimu aliligeukia darasa, akauliza kwa upole kama kuna mwingine ambaye mche wake umekufa na daftari linaendelea. Mkono mmoja ukainuka nyuma, halafu wa pili. Mwishowe ilikuwa mikono kumi na mmoja, na kila mwenye mkono juu alitazama chini.

"Kila mwaka maharagwe ya darasa hili hayafi," mwalimu alisema taratibu. "Nilipaswa kujiuliza. Sikilizeni. Sikuwaomba mche mrefu, niliomba mlichokiona. Usipoona, andika hukuona. Ukijaza pengo kwa namba ya kubuni, kuna mtu ataiamini, na mara nyingi mtu huyo hutamjua kamwe."

Kisha akagawa mbegu upya.

Yule dada wa begi la kitambaa alianza kazi wiki hiyo hiyo. Nyumbani, simulizi zilirudi mezani. Mche mpya wa Chiriku ulipofika siku ya sita, aliamka amechelewa. Jioni, kwenye nafasi ya asubuhi ile, akaandika: Sikupima. Kopo la zamani hakulitupa. Aliliweka dirishani kando ya jipya, na kila asubuhi, kabla ya kushika rula, aligusa jani la mche mpya kwa kidole ahakikishe ni bichi.